Namba Kumi na Mbili Haikurudi

Karakana ya Baiskeli,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumamosi, tarehe 14.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, ambaye siku hizi hata salamu zinamtoka kwa kusukumwa. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje, na ile baridi uliyosema inakuingia hadi kwenye meno, imepungua? Unakula vizuri au bado unaishi kwa chai na mkate? Nijibu hayo kwanza kabla ya kujibu ninayokuja kuyasema, maana nikijua wewe u mzima nitapata pa kuegemea.

Sisi huku ni wazima, isipokuwa tusio wazima. Mama yupo. Magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo. Jana amenigombeza kwa kukonda, utadhani nimekonda makusudi. Watoto wanakwenda shule na wanakula kama kawaida yao, yaani bila huruma.

Asiye mzima ni Filimbi, shemeji yetu. Najua mdogo wetu alikwambia kwenye simu kwamba mumewe ameungua kidogo. Si kidogo, kaka. Alikuficha usije ukakosa usingizi. Ameungua mikono yote miwili, kuanzia viwikoni kushuka hadi ncha za vidole, na leo ni siku ya kumi na moja amelala wodini.

Ilikuwa hivi. Jumanne ya wiki iliyopita asubuhi alisimamisha baiskeli yake ya umeme, namba saba, mlangoni pa duka la dawa ili apakie dawa za kuwapelekea wagonjwa majumbani. Betri ikaanza kutoa moshi, na kabla watu hawajajua waseme nini ikawaka. Mlango ule ndio pekee, na ndani kulikuwa na foleni. Shemeji aliikamata baiskeli kwa mikono mitupu akaivuta hadi katikati ya barabara. Hakuna mwingine aliyeungua hata unywele. Watu wakampigia makofi. Makofi, kaka! Na yeye amesimama pale anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Daktari anasema vidole vitarudi kufanya kazi iwapo atapasuliwa na kuwekewa ngozi nyingine kabla mwezi huu haujaisha, au siku chache tu baadaye. Wakichelewa zaidi, ngozi itakaza na vidole vitabaki vimekunjamana hivyo hivyo. Na unaijua mikono ile. Mtu anafunga trei tatu za mayai kwa kamba moja na halipasuki hata moja. Daktari yupo, chumba kipo, kinachosubiriwa ni barua ya kampuni ya bima kwamba wamekubali. Usianze kuwaza michango; tumeshachanga, na tulichopata hakifiki hata mlangoni mwa chumba hicho.

Na bima tunayo! Hapo ndipo ninapotaka kujipigiza kichwa ukutani. Tunayo bima ya baiskeli zote kumi na nane, ya waendeshaji wake na ya yeyote tutakayemgonga. Niliihangaikia mwaka mzima. Kampuni mbili zilinirudisha, moja ikisema haijui kama baiskeli ya umeme iiite baiskeli au pikipiki. Ya tatu ilipokubali nilirudi nyumbani naimba njia nzima.

Sasa sikia kosa langu. Wakala alikuja na fomu yenye visanduku: namba ya baiskeli, namba ya betri yake, jina la mwendeshaji. Nikajaza baiskeli ya kwanza betri ya kwanza, ya pili ya pili, hadi ya kumi na nane, kwa mwandiko ule ulionifanya uniite Karani tangu tukiwa shule. Ilipendeza kuitazama. Wakala akaniuliza, "Kila baiskeli na betri yake moja tu, siku zote, sivyo?" Nikamwambia ndivyo, kwa kuwa kulikuwa na mteja mlangoni na nilitaka aondoke zake.

Nawe unajua fika kwamba sivyo. Wewe ndiye uliyetuwekea desturi ile kabla hujasafiri. Asubuhi betri zote ziko kwenye rafu, anayekwenda mbali anachagua kwanza, wa karibu anachukua zilizobaki. Kila mtu anaandika daftarini jina lake na namba aliyochukua, na jioni anaandika mbele yake kwamba imerudi. Kwa miaka minne hakuna aliyegombana, wala aliyekwama njiani akaisukuma baiskeli kwa miguu. Nilikuwa najisifu nayo kwa watu. Siku ya fomu haikunijia kichwani hata kidogo.

Jumanne ile Mama Pacha, aliyerudi kazini majuzi tu baada ya kujifungua, alipangiwa safari ya kule kilimani. Betri namba saba ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na Shemeji alikuwa ameshaitia kwenye baiskeli yake. Aliichomoa akampa, yeye akachukua namba kumi na mbili, kikongwe cha rafuni. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Chukua bwana. Ukikwama huko juu hao pacha nani atawanyonyesha, mimi?" Tulicheka wote, na mimi nikiwemo.

Mkaguzi wa kampuni alikuja juzi Alhamisi. Ni mtu mpole, ana kikohozi, alikataa hata maji. Akanieleza taratibu kwamba kwao baiskeli na betri iliyoandikwa nayo ni kitu kimoja. Kama namba saba imeungua ikiwa na betri namba saba, barua inatoka na Shemeji anapasuliwa wiki hiyo hiyo. Kama ilikuwa na betri nyingine, baiskeli hiyo hawaijui, na aliyekuwa nayo hawamjui. Kisha akaniuliza kama tuna kumbukumbu yoyote ya betri. Nikasema nitaitafuta. Daftari lilikuwa mezani chini ya kiwiko changu, kaka. Nilikuwa nimeliegemea.

Atarudi tarehe 30. Fundi wetu, yule unayemwita Profesa, ameshaninong'oneza. Namba za betri tulizipaka wenyewe kwa rangi, na iliyoungua imebaki donge jeusi. Anasema akipitisha brashi, ile saba iliyo kwa Mama Pacha inakuwa kumi na mbili, donge lile linahesabiwa kuwa ndilo saba, na hakuna atakayejua. Mama Pacha naye amesema ataapa popote nitakapomwambia aape, kisha akalia mpaka ikabidi nimpeleke nje apate hewa. Mdogo wetu anakuja, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananitazama tu. Kinachotuumbua sasa ni ukurasa mmoja wa daftari.

Usikimbilie kuniambia nikaseme ukweli. Ukweli nimelala nao na kuamka nao. Huo ukweli utamwacha shemeji yetu na vidole vilivyokunjamana kwa sababu alimpa mwenzake betri nzuri, na kwa sababu mimi nilipenda visanduku vyangu vipendeze. Na uongo nao ukigundulika, bima ya wote inafutwa, karakana inafungwa, na mimi niliyetia sahihi nitakwenda kujibu mbele ya hakimu. Maji yamenifika shingoni. Naogopa, kaka. Naogopa kila kitu, hata mtu akigonga mlango kuulizia pampu.

Leo mchana niliuchana ukurasa ule. Nikawasha jiko nikaushika juu ya moto mpaka kona ikaanza kugeuka rangi, nikashindwa, nikauondoa. Una mwandiko wa Shemeji. Ameuandika kwa mikono ile ile. Huenda asiandike tena maisha yake yote, na mimi nilikuwa nautia moto.

Ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia. Mambo haya hayasemeki kwenye simu, na simu haina mahali pa kutia karatasi. Utakuwa umeona kwamba karatasi hii unayoisoma sasa si kama zile mbili za mwanzo, ina mistari na kona yake imeungua. Igeuze. Ndio ukurasa wa Jumanne ile. Jina lake ni la sita kutoka juu.

Jirani anayekuletea barua hii anarudi huku tarehe 28. Akirudi na ukurasa, nitampa mkaguzi mkononi na nitasimama nao, liwalo na liwe. Akirudi bila kitu, nitajua umeuchoma, na nitamwambia Profesa achukue brashi yake. Najua ninakutwika mzigo usiokuwa wako. Lakini Baba hayupo, mkubwa wetu ni wewe, na mimi nimeshindwa kuuonyesha na nimeshindwa kuuchoma. Nikasirikie ukipenda, ila usinyamaze.

Nisalimie wifi yangu, mwambie vitenge alivyoniagiza sijavisahau, ni akili tu haijatulia. Wabusu watoto wote, na yule mdogo umwambie shangazi yake anakumbuka alivyomng'ata. Msalimie pia yule kinyozi rafiki yako. Mama anakusalimu na anasema umpigie siku ya mapumziko. Kuhusu haya hajui lolote, usimwambie. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe wewe jibu ambalo mimi nimelitafuta nikalikosa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye leo hana uso wa kukutazama,

Karani.

Nilitaka kufunga bahasha nikakumbuka jambo. Shemeji hajui habari za mkaguzi, hatujamwambia. Jana nilipokwenda kumwona, kilichokuwa kinamsumbua si maumivu. Ni kwamba Jumanne ile jioni hakuandika daftarini. Akaniinulia mikono yake yote miwili iliyofungwa bendeji, akasema, "Shemeji, niandikie basi. Namba kumi na mbili haikurudi." Nikamwambia nimeshaandika. Sijaandika, utaona nafasi iko wazi mbele ya jina lake. Kama utaurudisha ukurasa, kaka, nakuomba uniandikie wewe.