Kipimo cha Chai cha Inspekta wa Kairo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo Kidogo cha Polisi Mto Mkavu, Wilaya ya Karatu
Tarehe 13/03/2026, saa 3:20 asubuhi

Jina: Edgar Eliamini, maarufu DJ Kairo
Umri: Miaka 21
Kabila: Mpare. Dini: Mkristo
Elimu: Kidato cha pili, hakumaliza
Kazi: Kutafsiri sinema
Makazi: Mang'ola, nyuma ya stoo za vitunguu

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu, na nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Natafsiri sinema kwenye banda la video la Bwana Felisiani. Sinema inaonyeshwa, mimi nakaa na maiki nawaeleza watu kwa Kiswahili kinachosemwa. Wachina na Wahindi kila banda wapo, mpaka Karatu mjini. Mimi peke yangu ndiye niliyeleta sinema za upelelezi za Waarabu, za Misri na za Lebanoni, na banda likajaa. Watu wa huku wanazipenda kwa sababu hakuna kurukaruka ukutani. Mtu ameuawa, ukoo mzima umekaa sebuleni unadanganyana, inspekta anavuta sigara anawasikiliza. Mwenye kesi ya shamba la urithi anaelewa hata bila mimi. Ila na mimi nikiwepo ni kitu kingine, muulize yeyote.

Mnamo tarehe 08/03/2026, Jumapili, saa nane mchana, nilitafsiri sinema moja ya Misri. Katikati yake inspekta amewakusanya washukiwa watano kwenye nyumba moja huko Kairo. Mtumishi analeta kahawa. Inspekta anaongea dakika nne nzima huku anaangalia vikombe. Afande, dakika nne kwenye maiki ni nyingi, ukinyamaza watu wanaanza kupiga miluzi. Nikasema: "Mwenye hatia koo lake hujifunga. Mpe cha moto, hatakunywa." Watu wakapiga makofi. Mama Cresensia, anayeuza chai mlangoni, akasema, "Huyo ana akili kuliko hawa wetu." Samahani, ndivyo alivyosema.

Maneno hayo hayamo kwenye sinema. Au kama yamo sijui, kwa sababu Kiarabu sikijui. Najua salamu na asante. Bwana Felisiani nilimwambia nilikaa Tanga kwa mjomba nikasoma madrasa. Tanga sijafika, na baba yangu ni mzee wa kanisa.

Jana, tarehe 12/03/2026, saa nne kasoro asubuhi, nilikutana na Tluway akitoka zahanati. Tluway ni kibarua kwenye shamba la vitunguu la Bwana Felisiani. Alikuwa na pamba mdomoni. Aliniambia ameng'olewa gego na ameambiwa asinywe cha moto mpaka kesho yake. Nikamtania kwamba shavu limejaa kama gunia la lumbesa. Akacheka upande mmoja.

Siku hiyo hiyo saa kumi alasiri Bwana Felisiani aliniita bandani. Pampu yake ya kumwagilia ilikuwa imeibwa shambani. Vibarua wake watano alikuwa amewakalisha benchi la mbele, na Mama Cresensia anamimina chai. Nilidhani anawakirimu. Isaya alimaliza vikombe viwili akauliza kama vitumbua vipo. Wengine walikunywa inawaunguza, machozi yanawatoka. Tluway alishika kikombe, hakunywa.

"Kunywa, kijana," Bwana Felisiani alisema.

"Baba, ni jino. Nimeng'oa leo."

"Wezi wote wana meno."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, andika hivyo hivyo.

Kisha akanigeukia. "Edgar, wewe ndiye mwenye Kiarabu. Inspekta alisemaje?"

Banda zima likaniangalia, watu kama arobaini. Habari ya jino nilikuwa naijua. Maneno yale yametoka wapi, nilikuwa najua pia. Nikasema, "Ndivyo alivyosema." Na nilisema kwa ile sauti yangu ya maiki.

Walimpiga kwa mipini ya majembe mpaka Mama Cresensia alipomlalia juu kumkinga. Tluway hakuwahi hata kukana wizi. Alikuwa anasema "jino, jino" tu, damu ikamtoka mdomoni, wakasema si mnaona. Mkono wa kushoto ulivunjika, niliusikia. Walimleta hapa kwenye mkokoteni wa vitunguu.

Nina hasira, Afande, na usiandike nilihuzunika. Nina hasira na Felisiani, aliyefanyiwa kazi na Tluway misimu mitatu na hakumuuliza hata zahanati gani. Nina hasira na wale arobaini. Wengine wamebatizwa naye siku moja, mama yake wanamjua, halafu wanamwamini Mmisri ambaye hata mimi simwelewi. Mimi mwenyewe nijiweke wa ngapi sijui. Wa kwanza, nadhani.

Leo saa moja asubuhi nilipita bandani. Felisiani ameandika ubaoni kwa chaki: JUMAPILI MARUDIO, SINEMA ILIYOKAMATA MWIZI, NA DJ KAIRO. Aliniambia, "Kijana, safari hii tunaweka spika mbili." Nilimwacha na chaki yake. Nilikuja hapa moja kwa moja.

Pampu sijui ilipo. Ninachojua, Tluway amelazwa kituo cha afya na askari mlangoni kwa sababu ya uongo wangu, hakuna ushahidi mwingine. Zahanati wana daftari, jino lake limeandikwa humo jana asubuhi. Naomba mkaliangalie kabla hamjamuuliza swali lingine.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali, isipokuwa pale Afande alipoandika "mtafsiri wa Kiarabu". Nimeomba pakatwe na pamekatwa.

Sahihi ya shahidi: E. Eliamini

Mimi Koplo Thomasi nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, kwa hiari yake. Saa 4:40 nimekwenda zahanati na kuona jina la Tluway kwenye daftari la tarehe 12/03/2026, gego la chini kulia. Askari ameondolewa mlangoni. Upelelezi wa pampu unaendelea, na jalada la shambulio limefunguliwa. Shahidi aliomba nakala ya maelezo haya ili ayasome kwa maiki bandani siku ya Jumapili. Nilimweleza kuwa nakala haitolewi. Alijibu kuwa ameshayashika kichwani.