Mwisho wa Sinema Uliotuficha

Nzioka rafiki yangu,

Leo nikitoka kanisani nilipita pale ulipolala, nikang'oa magugu, lakini ninayotaka kukuambia ni marefu. Ndiyo maana naandika. Unajua mimi niliachia darasa la saba, kwa hivyo utanivumilia.

Kitengela hungeitambua. Chumba chako cha video sasa ni duka la vifaa vya ujenzi, na kitu kinachouzwa sana ni waya wa ua. Huku Kisaju nyumbu hawapiti tena, kila mtu amejifungia kipande chake. Stima imefika kwangu. Mwikali wangu, uliyemwacha darasa la tano, yuko fomu tatu, na mwezi uliopita alileta CD nyumbani. Kuona zile kofia pana za wachunga ng'ombe kwa karatasi ya juu, nikajua ni sinema yetu: ile ya ndugu wawili wafugaji wa Amerika, wa siku hizi, wanaochunga kwa pikap na kugombania shamba la baba yao.

Unakumbuka? Ilikuwa baada ya ile mvua ya El Nino. Mimi sikuwa mtu wa video, mchungaji alikuwa amezikemea. Ulinishika shati nje ya kanisa ukaniambia, "Kyalo, hii ni ya ng'ombe tu. Njoo." Na ulijua kwa nini unaniita. Nilikuwa nimekuambia kwamba kaka yangu Musyoka amesogeza waya hatua nne ndani ya shamba langu, na Jumatatu nitaenda kung'oa nguzo zake. Na panga nimeshanoa.

Ulisimama kando ya televisheni ukitutafsiria, maana kile Kiingereza chao kilipitia puani. Yule mzee wa Kimaasai aliyekaa mbele na fimbo yake aliuliza mara tatu, "Na hawa ng'ombe wote, nani anakamua?" Tukacheka. Lakini juzi nimeitazama tena na mzee alisema kweli. Hakuna anayekamua, hakuna anayetafuta maji. Mke wa yule ndugu mkubwa anasema maneno labda kumi, halafu analia. Hakuna anayeomba mpaka jeneza la baba yao liwe mbele yake.

Hata hivyo ina nguvu zake, siwezi kukataa. Ile nchi kavu, vumbi, upepo ukilia kwa waya, ilikuwa Kajiado kabisa. Na pale yule mkubwa anakaa mezani akiangalia kiti kitupu cha ndugu yake. Hapo nilijiona. Nilijiona mpaka nikaogopa.

Kisha wakafika kwa ua, kila mmoja upande wake, na video ikazima. Ukasema mafuta ya jenereta yameisha, ukatumalizia kwa mdomo: mkubwa alivua kofia akamwambia mdogo wake, "Shika upande ule tuvute," wakahamisha waya pamoja.

Jumatatu nilienda kwa Musyoka bila panga. Sikuwa na mahubiri, nikasema tu maneno ya sinema, nikamwambia na nilikoyatoa. Musyoka akaenda kuleta nyundo. Tulibishana siku nzima, hata juu ya hiyo nyundo, lakini jioni mkewe alitupakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe kwa sahani moja.

Sasa Mwikali ameniwekea mpaka mwisho. Nzioka. Pale kwa ua mkubwa anatoa bunduki. Anampiga ndugu yake, anamwacha ameangukia waya, anaingia kwa pikap anaenda zake. Nikamwambia Mwikali hiyo si yenyewe. Akasema, "Baba, ni hii hii. Hakuna ingine."

Ndipo nikakumbuka yule kinyozi wa jirani, aliyechukua stima kwa jenereta yako. Siku ile tulitoka tukamwacha akiendelea kunyoa mtu kwa mashine. Miaka hii yote sikujiuliza: kama mafuta yaliisha, mashine yake ilikuwa ikitumia nini?

Nimeomba juu ya jambo hili. Uongo ni uongo, hivyo ndivyo nafundisha watoto wa shule ya Jumapili. Lakini wale waliotengeneza sinema walijua vizuri vile ndugu wanachukiana. Vile wanapatana hawakujua, ama waliona wanaume wawili kugombania nyundo si kitu cha kuonyesha watu. Wewe ulijua. Mbona hukuniambia hata ukiwa kitandani, mimi nikikushikia kikombe cha uji?

Musyoka amesikia niko na CD. Anakuja Jumapili na wanawe wawili, ambao siku hizi hawasalimiani kwa sababu ya kipande cha kando ya barabara. Anataka waone vile baba yao alipata amani.

Nakuahidi nitaizima pale pale ulipozima. Sitasingizia mafuta. Nitawaambia ni nani aliizima siku ile, na kwa nini, na habari ya panga, ambayo Musyoka mpaka leo hajui. Baada ya hapo, akitaka kuona mwisho wa wale, nitawasha. Wetu anaujua.

Pumzika, ndugu yangu, mpaka Bwana atuite sote. Magugu nitakuja kung'oa.

Kyalo