Mashine Iliyokataa Futi Zetu

Jumatatu, 4 Septemba 1995
Nimefukua mchanga mtoni tangu alfajiri. Ndoo moja, nusu matope. Mjukuu wangu Yudith kaja kutoka mjini, anakofanya kazi kwenye mradi wa visima. Analia. Kijiji chetu kimefutwa kwenye orodha ya kuchimbiwa. Programu ya kompyuta imesema maji yako mita tisini chini, mbali mno kuchimba. Uongo! Kisima cha zamani, kabla hakijabomoka, kamba nilishika mimi. Mita tisini ni kutoka shimo lake hadi kanisani. Kamba yetu, ukiinyoosha chini, iliishia zizini.

Kesho napanda naye basi.

Jumatano, 6 Septemba
Yudith kagundua. Vipimo vya visima vya zamani viliandikwa kwa futi. Programu ikavimeza kama mita. Kwake namba ni namba tu. Ni kama kumwaga chumvi na sumu ya panya kwenye kopo moja kwa kuwa zote nyeupe.

Anataka kuiandika upya. Kila namba itaje aina yake, futi au mita, na mashine ikague kabla ya kupiga hesabu. Zikichanganywa, igome. Anaita ukaguzi wa aina. Mkuu wake kakataa. Orodha imeshasainiwa, akiendelea atafukuzwa.

Nina hasira hadi meno yanauma.

Ijumaa, 8 Septemba
Nimeingia ofisini kwao.
“Bibi, unatafuta nani?”
“Natafuta shikamoo yangu.”
Makarani wakacheka. Mkuu akanipa.
“Bibi, kompyuta haikosei.”
“Basi ije ichote maji.”
Nikakaa kwenye kiti chake, nikatoa karanga. Siondoki mpaka Yudith apewe mashine. Saa sita akachoka. Kampa hadi Jumatatu.

Sikwenda shule. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo. Lakini kukaa najua.

Jumatatu, 11 Septemba
Programu ya Yudith imegoma! Kabla ya hesabu hata moja. Ikaandika mstari: hapa panatakiwa mita, umeleta futi. Mkuu akabonyeza tena. Ikagoma. Tena. Ikagoma.
“Inakataa amri!”
“Kama mimi, baba.”
Si sisi tu tuliofutwa kwa kosa hili. Na kijiji kimoja upande wa Zuzu. Mkuu akavuta kiti karibu na Yudith. Nimemkumbatia mjukuu wangu mbele yao wote. Nampenda mpaka naumwa.

Alhamisi, 14 Septemba
Nyumbani. Orodha mpya imebandikwa, tumo. Wachimbaji bado.
Nimefukua mchanga. Ndoo moja.
Jioni nimeinyoosha kamba ile ya zamani, kutoka shimo la kisima kilichobomoka. Imeishia zizini, palepale.