Nilinunua Guai Guai, Sasa Nimeonekana Mkosaji

Mpendwa Shangazi Xiuqin, nisaidie kabla sijamrushia bosi kibodi. Mimi ni mwandishi wa programu hapa Hsinchu, seva za mteja wetu zinaanguka ovyo, na kiongozi wetu, Kaka Wenbin, ana zana aliyoiandika mwenyewe ya kufuatilia yanayotokea ndani ya kiini cha mfumo endeshi, nayo hutoa anwani ya kipande cha programu kilichoangusha mashine, na anwani hiyo imeangukia kipande changu, lakini Shangazi, anwani si sahihi! Kiini huhamia mahali pengine kila mashine inapowashwa, makusudi, ili wadukuzi wasikivizie, na zana yake inasoma ramani ileile bila kuongeza umbali ambao kiini kimehamia, basi inabisha hodi nyumba ya jirani. Niliwasha upya, mashine ikaanguka vilevile, safari hii zana ikamtaja mwenzangu Peishan! Nilipomweleza Kaka Wenbin akacheka: "Mdogo wangu, zana yangu haina shida. Pakiti ya Guai Guai iliyo juu ya seva imeisha muda wake, ndiyo maana mashine inadeka." Ili yaishe nikanunua pakiti mpya ya kijani ya vitafunwa hivyo, ambavyo mafundi hapa huviweka juu ya mashine ili ziwe na adabu, nikaiweka. Nilisahau kwamba ofisini kwetu anayenunua ndiye aliyeharibu! Peishan akashusha pumzi: "Afadhali umekiri, twendeni tukale." Jumatano natakiwa niiname mbele ya mteja niombe radhi, na baada ya hapo hakuna atakayenipa tena kazi ya kiini. Nifanyeje?

Mwenye Hasira

Mwanangu, pole. Hasira zako ni za haki, ila nami nimekukasirikia! Ukweli unao mkononi, halafu unakwenda dukani kujinunulia hatia? Na huyo anayekuita mdogo wake siku za kazi, kisha anakutoa kafara siku ya lawama, ni kaka gani?

Peishan mwambie leo, mkiwa mnakula, kwamba zana ilishamtaja na yeye. Utamwona anavyogeuka shahidi upesi.

Jumatano usiiname. Omba mashine iletwe mezani. Iwashe, iangushe, wasome jina. Iwashe tena, iangushe, wasome jina jingine. Usimchoshe mteja kwa habari za ramani. Wenbin akisema muda hautoshi, muulize kwa heshima, kwa sauti ya kusikika: "Kaka, tuiwashe mara ya tatu, tuone kama itakutaja wewe?"

Kisha funga mdomo, ajibu mwenyewe.