Mama, Uliyenilisha Kisha Ukanipandisha Kasigau

Mama yangu wa Werugha,

Watoto wameenda shule, mwanao Mwadime yuko kazini stesheni, na leo ndiyo mara ya kwanza nyumba hii kuwa kimya tangu tukuzike. Nimekaa mezani nikaona nikuandikie. Nataka tukumbushane ule mwaka ulipoteremka kutoka milimani ukaja kukaa nasi Voi, mwaka niliomzaa wajina wako.

Ulifika na kuku wawili, kikapu cha ndizi za kupika na kopo la samli. Hukutaka hata maji ya kunywa. Ulikuja moja kwa moja kitandani, ukamchukua mtoto, ukamtazama vidole, masikio, mpaka nyayo, halafu ukasema, "Huyu ni mimi kabisa. Maskini." Nikacheka mpaka mshono ukaniuma. Kabla jua halijatua nyumba nzima ilikuwa inanukia supu.

Ulinilisha, mama. Uji wa wimbi asubuhi, wenye samli inayoelea juu. Saa nne kimanga, maharagwe na mihogo uliyoiponda mpaka ikalainika. Mchana ndizi na nyama, jioni supu, na kabla ya kulala uji tena. Nikisema nimeshiba, ulikuwa ukikaa pembeni ya kitanda na bakuli mkononi, unanitazama tu mpaka nile. Majirani wa zile nyumba za reli walikuja kuniona wakasema, "Huyu amepata mkwe!" Nawe ukajifanya hujasikia, ukaenda jikoni, lakini nilikuona mabega yamepanda kwa furaha.

Muda wa kukaa ndani ukaisha na mimi nikabaki ndani. Hilo sikukwambia sababu yake. Nguo zangu zote zilikuwa zimenikataa. Nilikuwa na gauni moja tu la mimba lililonitosha, nalifua jioni nalivaa asubuhi. Nikiinama kumfunga mtoto nepi naona nyota. Nikipanda zile ngazi tatu za mlangoni nashika ukuta. Mwadime alinitania siku moja kwamba kitanda kimeanza kulia, na mimi nikacheka pamoja naye, halafu akishaenda kazini nikajifungia bafuni nikalia. Nilidhani umelala.

Halafu tukaenda kliniki kumpeleka mtoto chanjo. Sista alimaliza na mtoto akasema, "Na wewe mama, hebu panda mizani." Mshale ulipotulia aliniangalia usoni, akachukua kile kitambaa cha kupima presha akanifunga mkononi. Alipima mara mbili. Akasema kwa sauti ya chini, kwa huruma, "Mama, presha yako haijashuka tangu uzae. Ukiendelea hivi, huyu mtoto atalelewa na mwingine. Punguza mafuta. Tembea kila siku. Usikae."

Wewe ulikuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni. Ulisikia kila neno.

Tulipofika nyumbani uliniwekea chakula changu, ukakifunika, ukaanza kukunja nguo zako. Nikauliza, "Mama, unaenda wapi?" Ukajibu, "Naenda kwangu. Nimeambiwa nakuua."

"Hakuna aliyesema hivyo, mama."

"Nimesikia na masikio yangu."

Ukabeba kikapu ukatoka. Kisha nikamfunga mtoto mgongoni, nikiwa na lile gauni langu la mimba, nikakufuata. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga barabara ya soko tangu nijifungue. Watu walinitazama na sikujali. Nilikukuta kwenye kituo cha basi umekalia kikapu chako, umeyapa magari mgongo. Nikaketi chini kando yako, kwenye vumbi, kwa sababu sikuwa na pumzi ya kusimama.

Ndipo ukaniambia habari ambayo hata Mwadime alikuwa haijui. Kwamba kabla yake ulizaa msichana, wakati wa njaa, mvua zilipokataa. Kwamba ulikuwa unakula mizizi na majani, na maziwa yakakauka, na mtoto akawa ananyonya ngozi. "Alikuwa akinitazama," ukasema. "Hakulia hata kulia. Alikuwa akinitazama tu." Ukasema siku ile uliyomzika uliapa kwamba hakuna mtoto wa nyumba yako atakayezaliwa kwa mama mwenye njaa tena, muda wote utakapokuwa hai.

Nikakushika mkono. Mkono wako ulikuwa mgumu kama ubao.

Nikakwambia, "Mama, huyu wa sasa ana maziwa. Amenona, mwangalie. Hilo umelimaliza. Sasa nisaidie na mimi nisife."

Basi lilikuja, likasimama, likaondoka. Ukakaa. Halafu ukanyanyuka, ukajipangusa vumbi, ukasema, "Twende tukapike mchicha."

Hayo ya mlima Kasigau yalianza Jumapili iliyofuata. Wanawake wa kanisa kutoka Rukanga, pale chini ya mlima, walikuja kututembelea, na baada ya ibada tukawa tunakunywa chai nje. Yule Wakesho wao, mrefu, mwenye mdomo mtamu, akatutazama sisi akina mama wa Voi tulivyojaa kwenye mabenchi na watoto mapajani, akasema, "Nyinyi wa mjini mnazaa mtoto mmoja mnanenepa kwa watatu. Njooni kwetu mpande mlima wetu. Mkifika juu, sisi tunawachinjia mbuzi. Msipofika, mtatulimia."

Watu wakacheka. Nduku, jirani yangu Mkamba aliyekuwa amezaa mapacha, akasimama na kikombe chake. "Tunakuja," akasema. "Tupe mpaka mvua za vuli ziwe karibu." Akageuka kututazama. "Nani yuko na mimi?" Nilikuwa natazama chini nikihesabu mchanga. Nikasikia sauti yako nyuma yangu: "Andika mkaza mwana wangu. Na mimi."

Wewe, mwenye mvi kichwa kizima!

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa kundi dogo, wengi tukiwa tumejifungua mwaka ule ule. Mama Salma naye akaja, ingawa si wa kanisa letu. Alisema presha haiulizi dini. Alivaa buibui lake kama kawaida na chini yake raba za mumewe alizozijaza matambara. Tulikuwa tukitoka kabla jua halijawa kali, tunashika barabara ya kuelekea Mraru, tunatembea mpaka mtu wa mwisho aseme basi, halafu tunarudi. Siku ya kwanza mtu wa mwisho alikuwa mimi, na nilisema basi tukiwa bado tunaona mapaa ya stesheni.

Hukunicheka. Ulisema, "Umefika hapa. Kesho tutaupita mti ule." Na kesho tukaupita. Ndivyo ulivyonipeleka, mama, kutoka mti mpaka mti. Nyumbani ukaniwekea mchicha, maharagwe na kipande cha muhogo, na samli yako ukampa Nduku awauzie wahindi wa dukani. Usiku, nikiamka kumnyonyesha mtoto, niliona umeniwekea bakuli la uji kando ya kitanda. Nikauonja. Haukuwa na tone la mafuta. Ulikuwa umemtii sista, lakini kuacha kunilisha kabisa ulishindwa.

Wanaume wa gereji iliyo kando ya barabara ile walituzoea kidogo kidogo. Mwanzoni walikuwa wakitupigia kelele, "Akina mama, mnakimbia nini? Ndovu?" Nduku akawajibu, "Tunawakimbia nyinyi!" Baada ya wiki kadhaa wakawa wanatusalimu kwa heshima na kuuliza tumefika wapi leo. Mwadime naye, siku aliyoniona nimepanda ngazi za mlangoni nikiwa na ndoo ya maji kichwani na sikushika ukuta, alinitua ile ndoo. Halafu akasema, "Nisamehe ile habari ya kitanda." Nikamwambia akachote ndoo nyingine.

Nilirudi kliniki. Sista alinifunga kile kitambaa, akapima, akapima tena, akatabasamu. Presha ilikuwa inashuka. Wewe ulisimama mlangoni ukamuuliza, "Sasa naweza kumpa nyama kidogo?" Akasema, "Kidogo, bibi." Ulirudi nyumbani unatembea kama msichana.

Siku yenyewe ya Kasigau tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa sokoni, tukapita Maungu, tukafuata ile njia mbaya inayotikisa meno. Mashamba ya Rukanga yalikuwa yamekanyagwa na ndovu siku chache kabla, mahindi yamelala chini, na bado Wakesho na wenzake walitupokea kwa nyimbo na vigelegele. Mlima ulikuwa umesimama mbele yetu na wingu kichwani.

Ulimbeba wajina wako mgongoni na kukataa aachwe Rukanga. Ulisema ukimbeba wewe atapata kunyonya njiani. Tulipanda kwenye miiba na mawe ya moto, tukitoa jasho mpaka nguo zikashikana na ngozi. Mama Salma alifunga buibui kiunoni akasema, "Mola atanisamehe, mlima huu hautaki adabu." Kisha miti ikaanza kuwa mirefu na hewa ikapoa. Tulipofika mahali ambapo msitu unaanza na ukungu unashuka, ulisimama. Niliona umeshika shina la mti kwa mkono mmoja.

"Mimi naishia hapa," ukasema. "Huko juu ni baridi, mtoto ataumwa."

Nikaketi palepale. Miguu ilikuwa inaniuma, na nilifurahi kupata sababu. "Basi na mimi naishia hapa, mama. Tumefika mbali sana. Inatosha."

Ukanitazama kwa yale macho yako ya kukaa na bakuli mkononi. "Mnyonyeshe," ukasema. Nikamnyonyesha. Alipolala ukamchukua, ukamfunika na shuka lako. "Sasa nenda."

"Akiamka akilia?"

"Atalia, nitambembeleza. Si nilikusikia wewe ukilia bafuni, na hukufa? Nenda, mwanangu. Sikukulisha ukae chini."

Ulikuwa unajua tangu mwanzo. Nikanyanyuka nikaenda, nikilia kidogo, nikigeuka kila hatua, mpaka ukungu ukakuficha. Hapo nikaacha kugeuka. Wakesho alikuwa mbele, Nduku nyuma yangu akinisukuma mgongo, na miti yote ilikuwa na manyoya ya kijani yanayodondosha maji. Sikuwa na mtoto mikononi wala mgongoni. Nilikuwa mimi tu na pumzi zangu, na pumzi zilitosha.

Tulifika juu. Hatukuona kitu! Ukungu mtupu. Mama Salma akasema, "Yaani tumekuja kutazama wingu?" Tukacheka mpaka tukaketi chini. Kisha upepo ukapita, ukungu ukapasuka kidogo, na kule mbali nikaona milima ya Taita, milima yako, imejipanga samawati. Nikapiga kelele kukuita, kana kwamba utasikia.

Niliposhuka nilikukuta palepale chini ya mti, mtoto ameamka na anavuta hereni yako. Hukuuliza kama nimefika. Ulinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama ulivyomtazama mtoto siku ile ya kwanza. Ukasema, "Umepungua." Halafu ukasema, "Jioni utakula mbuzi." Na jioni nilikula, mama, na ulinitilia mwenyewe.

Sikurudi kuwa yule msichana mwembamba aliyeolewa nyumbani kwako, na sikutaka. Nilipata mwili unaopanda na kushuka. Kundi letu halikuvunjika. Mpaka leo tunatembea, ingawa magoti ya Nduku yanalalamika na Mama Salma sasa ana raba zake mwenyewe. Sista alinipima wiki iliyopita, nikamwambia umefariki, akaacha kuandika.

Nami nimekukosa. Nikipika najaza bakuli la ziada bila kujua. Mghoi, wajina wako, amekuwa na mabega yako na ukaidi wako, anakataa kuvaa sweta, anakataa kushindwa. Akinijibu vibaya nataka nikuite uje umwone, umcheke na kumkanya. Usiku namweleza Mwadime habari za yule dada yake wa wakati wa njaa, kama ulivyoniomba mwishoni. Tumempa jina katika sala zetu.

Kuna jambo moja huenda hukuliona. Siku ya mazishi yako mvua ilikuwa imekatakata barabara ya milimani. Mimi na Mwadime tulikuwa tumetangulia Werugha jana yake. Asubuhi tukapata habari kwamba lori la watu wa Voi limekwama chini, kabla ya Wundanyi, na halitapanda. Watu wakasema tusiwasubiri, tuendelee. Kasisi akafungua kitabu. Ndipo tukasikia nyimbo kutoka chini ya mashamba ya kabichi. Walikuwa wanapanda kwa miguu, Nduku mbele, Mama Salma na buibui lililofungwa kiunoni, wanawake wote wa kundi, matope mpaka magotini, kwenye ile miinuko inayowashinda vijana. Wakafika kaburini wakasimama mstari mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anahema.

Dada yako akaniinamia akauliza, "Hawa wote ni wa kina nani?"

Nikamwambia, "Ni wa mama. Aliwalea Voi."

Pumzika, mama. Sisi tuko njiani, tunatembea.

Mkaza mwana wako,
mama wa wajina wako.