Dagaa wa Mama Kulwa

Neema, mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Igogo hatujambo, ila babu yako anagombana na kuku wa jirani.

Unauliza imekuwaje neno la Kiingereza "rescue", yaani kuokoa, litokane na neno la kale la kukung'uta. Mbona mimi nimeliona!

Miaka ile magugumaji yalipofunika ziwa, niliteleza mwaloni na mimba yangu, nikazama. Jirani yetu Mama Kulwa alikuwa ameanika dagaa kwenye wavu. Aliukung'uta, dagaa wote wakamwagikia matopeni, akanirushia.

"Shika, dada!"

Nikashika, akanivuta.

Kesho yake nilikwenda kumpa pole ya dagaa wake. Akacheka.

"Dagaa gani? Jana si niliopoa watu wawili?"

Wa pili ndiye mama yako.

Bibi yako