Hisa ya Ishirini na Tisa

Jumapili, 16 Septemba 2018
Leo tumefyeka ukanda wa kukinga moto, tayari kwa kuchoma nyasi mwezi Machi, kilomita tatu kasoro mita hamsini. Wenye hisa za malisho waliokuja ni kumi na mmoja, wengi wamevuka miaka sabini. Wastani wao, mita 210 kila mtu. Mimi peke yangu — 640! Nimepima kwa kamba.
Nilikuja huku mlimani Aso mwaka 1979, kibarua wa kukamua. Sasa nina ng'ombe wekundu 34 kwenye malisho haya, na hisa sina. Nalisha kwa hisani. Siku nikifa hisani inakufa nami, na binti yangu Chinatsu atalazimika kuwateremsha wote. Naye ameacha kazi Fukuoka kwa ajili yao.
Mama Hiwatari, jirani, kaniona na kamba. Eti siku ya mazishi nitalipima kaburi kwanza. Nikamwambia bila shaka — mtanipunja.

Jumapili, 20 Januari 2019
Mkutano wa mwaka. Nimeomba hisa, ya ishirini na tisa. Tangu mababu ni 28, na lazima wote 28 wapige muhuri wa kukubali. Tisa kati yao wanaishi mijini, hawajui nyasi zina urefu gani mwezi wa nane.
Mwenyekiti ni Mzee Magosaki. Kasema: "Kugimiya, miaka thelathini na tisa ni nini? Mlima wenyewe bado unakuchunguza." Wakacheka. Nami nikacheka. Bila kuonyesha meno.
Barua za kuomba mihuri zitatumwa.

Jumatano, 20 Februari
Mihuri 27! Hata yule wa Osaka, ambaye hajakanyaga huku miaka kumi na mitano. Uliobaki ni wa Magosaki.
Nimemuuliza kulikoni. Muhuri haupigwi kwa pupa, anasema. Mama Hiwatari ananituliza: "Usiumie. Babu yake naye alikuwa hivyo hivyo. Kwao ni ugonjwa wa ukoo, kama upara."
Ndama amezaliwa alfajiri. Jike. Amesimama baada ya dakika 22.

Jumanne, 26 Februari
Magosaki kateleza kwenye ngazi ya zizi, goti limevimba. Leo kaja na mkongojo. Kanywa chai vikombe viwili kabla hajasema kilichomleta.
Anataka mimi nivute moto wa bonde la mashariki, nitangulie na mwenge kuwasha nyasi. Bonde baya, genge juu, mto chini. Anayelijua ni yeye, na mimi niliyemfuata nyuma na pampu ya maji mgongoni miaka 22.
"Mvuta moto ni mwenye hisa," nikamwambia. "Sheria hiyo umenifundisha wewe, Mzee."
Kazungusha kikombe kitupu. Halafu: mwaka juzi mvua ilituzuia kuchoma, mwaka jana upepo. Mwaka huu tukikosa tena, nyasi zimekwisha.
Hapo hadanganyi. Nimehesabu miche ya miti ndani ya mita kumi kwa kumi: 43. Wapiga picha huja wakisema hapa ni urithi wa miaka elfu. Urithi! Miaka michache bila moto, ni kichaka tu.
Sijampa jibu.

Jumapili, 3 Machi
Upepo. Tumeahirisha.

Jumapili, 10 Machi
Naandika garini, ukingoni mwa bonde. Saa nne na nusu. Umande umekauka. Watu wa kujitolea kutoka mjini 46, wana mianzi ya kuzimia moto. Mama Hiwatari anawagawia wali wa majani ya haradali na kuwaambia wale sasa, wakiungua hawatapata hamu. Mvua inakuja mchana. Ni leo au basi.
Magosaki kaletwa kwa gari la mwanawe. Nimemwambia mbele ya watu:
"Muhuri, halafu moto."
"Moto, halafu tuzungumze."
Mzee akavua koti lake — la buluu, lenye alama ya nyumba yao mgongoni, ambalo huvaliwa na wenye hisa tu siku ya moto — akaliweka juu ya boneti yangu.
"Vaa langu. Moto haujui kusoma."
"Mimi najua," nikasema, nikafunga mlango.
Saa nne na dakika arobaini. Upepo umelala kabisa. Sikumwona Chinatsu akija. Kalichukua koti, kalivaa. Limemfika magotini. Sasa binti kasimama na mwenge ambao haujawashwa, ananiuliza kwa sauti: "Tuanzie wapi, baba?"
Kama hajui, ataanzia chini, kama wageni wote. Na moto ukipanda bonde lile hakuna mguu wa kuushinda.
Nimeshusha kioo. "Juu, mwanangu! Pembeni mwa genge, choma mita tano tano. Subiri moto ujizime ndipo ushuke."
Magosaki kayarudia maneno yangu kwa sauti kubwa, watu wote 59 wayasikie. Kama yake.
Chinatsu hajawasha. Hamwangalii yeye, ananiangalia mimi. Mkono wa kulia wa mzee uko mfukoni mwa suruali, anamoweka muhuri, na bado haujatoka.